Sikio la Wakfu

Wahenga wa pwani walinena kwamba sikio halilali na njaa. Tumbo laweza kulala tupu, lakini sikio, atake asitake mwenyewe, hupata riziki yake kila siku: habari ya ndoa, tangazo la msiba, uzushi wa jirani, wimbo wa mpita njia. Methali hiyo ni ya zama ambazo sauti ya mtu haikuvuka mtaa wa pili ila kwa mbiu ya mgambo. Tangu ilipokuja redio, sehemu kubwa ya riziki ya sikio ikawa inashuka kutoka hewani kama mvua. Na mvua, kama wajuavyo watu wa visiwani, haimfai asiyekuwa na chombo cha kuikingia. Ndipo likazuka suali ambalo halijapata jawabu kamili hadi leo: chombo hicho ni cha nani, na nani aruhusiwe kuteka?

Suali hilo lilipata jawabu moja, la ukarimu wa aina yake, katika mji wa Enschede, mashariki ya Uholanzi. Juu ya paa la jengo moja la Chuo Kikuu cha Twente imesimamishwa antena ambayo mpita njia asingeidhania kuwa ni kitu cha maana. Si mlingoti mrefu wala si dishi kubwa. Ni kipande kidogo cha shaba kinachoenea kiganjani, kimeunganishwa na kikuzaji cha umeme, vyote viwili vimefungwa juu ya mti. Kipande hicho hukinga mawimbi ya redio kuanzia yale marefu kabisa yaliyo karibu na sifuri mpaka megahezi 29, yaani masafa marefu, ya kati na karibu mafupi yote kwa pamoja. Kutoka hapo mawimbi huteremshwa kwenye kompyuta, na kutoka kwenye kompyuta huingia katika intaneti. Mtu yeyote, awe Muscat au Makunduchi, hufungua, huchagua masafa ayatakayo, na husikia kile kinachosikika Enschede saa ile ile. Haulizwi jina, wala halipi hata senti moja. Mamia ya watu huweza kusikiliza kwa wakati mmoja, kila mmoja na masafa yake, bila ya mtu kumzuia mwenziwe.

Aliyeutunga mpango huo ni Pieter-Tjerk de Boer, mwanachuoni wa chuo hicho na mpenzi wa redio wa muda mrefu. Majaribio yalianza mwishoni mwa mwaka 2007, na mwaka uliofuata kipokezi kikafunguliwa kwa umma. Lakini asili ya fikra yenyewe ilikuwa mahali pengine, katika msitu wa Dwingeloo, ambako Waholanzi walikuwa na darubini ya redio yenye dishi la upana wa mita 25, iliyozinduliwa na Malkia Juliana mwaka 1956. Chombo hicho kilijengwa ili kusikiliza mnong'ono wa hewa ya haidrojeni baina ya nyota. Kilipostaafu kazi ya sayansi, wapenzi wa redio walitaka kukitumia kusikia mawimbi ambayo watu huyarusha mwezini yakagonga na kurudi duniani, safari ya kiasi cha sekunde mbili na nusu. Taabu ilikuwa moja. Dishi lilikuwa moja, na wenye hamu ya kusikia walikuwa wengi, wametawanyika kila pembe. Kwa utaratibu wa kale, mmoja angekaa mbele ya redio na wengine wangengoja zamu. De Boer aliona kuwa kosa halikuwa katika uchache wa madishi, bali katika kuidhania redio kuwa ni kiti cha mtu mmoja.

Mvuvi wa pwani ataelewa upesi jambo alilolifanya. Redio ya kale ni mshipi: huteremsha ndoana moja, ikapata samaki mmoja, na ukitaka wa pili huna budi kuivuta ndoana na kuitupa tena. Redio hii mpya, ambayo viungo vyake vingi havikuundwa kwa waya na vyuma bali kwa hesabu zinazokwenda ndani ya kompyuta, ni juya. Huvutwa mara moja likaja na kila kilichomo, dagaa na nguru, mwani na makoa; kisha uchaguzi hufanyika ufukweni. Kipimo cha nguvu ya mawimbi huchukuliwa mamilioni ya mara katika kila sekunde. Kanuni yataka vipimo vizidi maradufu ya masafa ya juu kabisa, kwa hivyo mwenye kutaka kufika megahezi 29 hana budi kupima zaidi ya mara milioni 58 kwa sekunde. Zikiandikwa namba hizo kwa biti 16 kila moja, hutoka mto wa biti karibu milioni 930 kwa sekunde, ambao nyumba nyingi za kawaida haziwezi kuumwaga katika intaneti.

Hapo ndipo kazi ya mchaguzi inapoanza. Mwaka 1822 Mfaransa Joseph Fourier, katika kitabu chake juu ya mwendo wa joto, alionesha kwamba wimbi lolote, hata liwe na vurugu namna gani, laweza kuchambuliwa likawa ni jumla ya mawimbi mepesi yaliyonyooka. Mwaka 1965 Wamarekani wawili, James Cooley na John Tukey, walichapisha njia ya mkato ya kufanya hesabu hiyo kwa kompyuta. Kwa njia hiyo juya lote huchambuliwa, na kila msikilizaji hupelekewa samaki wake tu: upana wa kilohezi chache za sauti, ambazo zahitaji makumi ya maelfu ya biti kwa sekunde na si mamia ya mamilioni. Usione vyaelea, vimeundwa. Msikilizaji aliyeko mbali huona kioo chenye rangi kinachoteremka polepole mithili ya maporomoko ya maji, kila kituo kikiwa ni mstari wa mwangaza. Hauoni wala haujui ule uchambuzi unaofanyika nyuma ya pazia bila ya kupumzika.

Na ni mambo gani yanayonaswa humo! Kwenye kilohezi 77.5 mna pigo la saa kutoka Mainflingen, Ujerumani, linalohesabu sekunde usiku na mchana. Katika siku chache za mwaka, kwenye kilohezi 17.2, husikika Grimeton ya Sweden, mtambo wa miaka ya 1920 ambao mawimbi yake hutokana na gurudumu la chuma linalozunguka kwa kasi, na ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2004. Kwenye kilohezi 4625 mna mlio wa Kirusi unaorudiwa rudiwa tangu zama za Umoja wa Kisovieti, ambao mara moja moja hukatizwa na sauti ya mtu anayesoma majina na namba zisizofahamika. Mna mabaharia, mna watabiri wa hali ya hewa, mna mapadri na masheikh, mna wapenzi wa redio wanaosalimiana kwa nukta na vistari. Jua likizama Ulaya, tabaka la chini la anga linalomeza mawimbi hutoweka, na masafa yaliyokuwa kimya mchana huanza kujaa sauti za mbali. Mshairi akisikiliza saa moja tu ya magharibi hiyo hatahitaji kuelezwa maana ya neno ulimwengu.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wana sababu yao makhsusi ya kulitafakari jambo hili, kwani historia yao ya karne ya ishirini, kwa sehemu kubwa, ni historia ya kusikiliza. Sauti ya Unguja ilianza mwaka 1951. Mwaka 1954 Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili, na maneno ambayo hayakuweza kuandikwa gazetini yakawa yanaingia majumbani kupitia dirisha la redio. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilifunguliwa mwezi wa Juni 1957, na ile ya Deutsche Welle mwaka 1963. Mikahawani na barazani watu walilizunguka sanduku moja la mbao. Mwenye redio alikuwa mwenye mji, na aliyejua kuzungusha kitufe taratibu mpaka sauti ikatakata alihesabiwa kuwa fundi hata kama hakupata kugusa koleo. Habari ilisikilizwa na watu ishirini, ikajadiliwa na mia, ikafika shamba kabla ya alfajiri.

Lakini ni kipi kilichobaki cha sauti hizo? Serikali za wakati huo nazo zilisikiliza, tena kwa daftari na kalamu. Uingereza ilikuwa na idara nzima ya kusikiliza redio za dunia, BBC Monitoring, iliyoanzishwa mwaka 1939 na kukaa Caversham tangu 1943 mpaka 2018; wafanyakazi wake walisikiliza, wakatafsiri, wakaandika, na kurasa zao zikawekwa katika makabati. Hivyo mtafiti wa leo anayetaka kujua yale yaliyosemwa hewani miaka ile aghalabu hulazimika kuyasoma katika tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na watu waliokuwa wakiyaogopa. Sikio la watawala lilikuwa na kumbukumbu. Sikio la baraza halikuwa nayo isipokuwa vifua vya wazee, na vifua vya wazee huzikwa. Hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo. Kipokezi kilichofunguliwa kwa umma kinampa mtu wa baraza kile ambacho zamani kilikuwa cha dola peke yake: antena ya mbali, uwezo wa kurikodi, na haki ya kusikia sauti yenyewe badala ya muhtasari wake.

Kuna upande wa pili vilevile. Kwa miaka mingi wasikilizaji wa Ulaya waliitafuta Zanzibar kwenye kilohezi 11735, masafa ya mtambo wa Dole. Saa tatu za usiku za Unguja, wakati wao wakiwa ndiyo kwanza wanamaliza chakula cha jioni, walitega sikio wapate ngoma na fidla za taarabu zikipanda na kushuka na mawimbi. Kwao lilikuwa ni jambo la fahari kuandika katika daftari kwamba leo Zanzibar imesikika. Mzanzibari aliyehamia ughaibuni aliweza naye, kwa kipokezi cha nchi ya watu, kuinasa sauti ya kwao ikiwa imechoka kwa safari lakini ni ileile. Sauti hiyo, hata hivyo, ilikuwa ni ile tu iliyobahatika kufika huko. Kile kilichosikika Unguja chenyewe, yaani redio ndogo za mwambao, vituo vya masafa ya kati vya nchi jirani, wenye vyombo wakiitana baharini, hakikuweza kusikika kutoka Enschede. Sikio husikia pale lilipo. Ukiitazama ramani ya vipokezi vya namna hii vilivyofunguliwa kwa umma, utaviona vimesongamana Ulaya na Marekani kama nyota za kilimia, na Afrika vimetawanyika kimoja kimoja. Bahari ya Hindi, iliyojaa sauti tangu zama za majahazi, ina masikio machache mno.

Basi mtu wa kisiwani akitaka kusimamisha sikio lake atahitaji nini? Si mali nyingi kama anavyodhania. Mwaka 2012 ilienea habari kwamba vifaa vidogo vya kompyuta vilivyouzwa kwa ajili ya kutazamia televisheni, vya bei ya dola chache, vyaweza kufanywa redio za aina hii. Vina upungufu wao: hupima kwa biti 8 tu, na huona kipande cha kama megahezi mbili na nusu kwa mara moja, kama mtu achunguliaye bahari kupitia tundu la ufunguo. Tangu mwaka 2016 kumekuwako pia KiwiSDR, iliyobuniwa na John Seamons, kibao kinachopandikizwa juu ya kompyuta ndogo na kukinga masafa yote mpaka megahezi 30, kikihudumia wasikilizaji wachache kwa wakati mmoja. Nayo programu ya OpenWebRX, iliyoanzishwa na András Retzler wa Hungary, hutolewa bure kwa mwenye kuitaka. Kompyuta si tatizo.

Tatizo la kwanza ni kelele. Hewa ya mji wa leo imechafuka kwa mawimbi yasiyokusudiwa: chaja za simu, taa za bei rahisi, televisheni, inveta za umeme wa jua, kila kimoja kinatoa mngurumo wake, na mngurumo huo hupanda kwenye nyaya mpaka ukaifikia antena. Aliyezoea kupata idhaa za mbali kwa redio ya mkono miaka thelathini iliyopita, leo huisikia redio ileile ikikoroma, akadhani imeharibika. Kumbe iliyoharibika ni hewa. Ndiyo maana antena huwekwa mbali na nyumba, na waya wake wa ardhini huchimbiwa chini ya antena yenyewe wala hauungwi na ule wa jengo. Fundi mwenye subira huzunguka na redio ndogo ya betri, shamba kwa shamba, kabla ya kuchimba shimo la mti wa antena, kama vile mchimba kisima aonjavyo maji kabla ya kujenga ukingo. Paje na Wete si sawa na Darajani.

Baada ya kelele huja nguvu zilizozidi. Kituo kikubwa kilicho karibu hukiziba kipokezi kama mtu apigaye kelele sikioni mwa mwenziwe, na hapo hapana budi kuweka kichujio cha kukipunguza. Kisha ni bahari yenyewe: hewa ya chumvi hula viungio vya shaba katika misimu michache, na radi za masika hazichagui. Kisha umeme, ambao ukikatika sikio huwa kiziwi isipokuwa pawepo betri. Mwisho ni njia ya kutokea. Watu wengi hupimiwa intaneti kwa kile wanachovuta, lakini kipokezi cha umma hakivuti, kinatoa. Na njia ya kutoa aghalabu ni nyembamba kuliko ya kuvuta. Unguja iliunganishwa na Aden kwa waya wa simu za maandishi chini ya bahari mwaka 1879, na nyaya za kisasa za SEACOM na EASSy zilifika pwani hii mwaka 2009 na 2010. Kwa hivyo njia kuu ipo. Kilichobaki ni kichochoro cha kutoka njia kuu mpaka mlangoni.

Litabaki suali la adabu. Mwaka 2022, vita vilipopamba moto Ukraine, watu wa kawaida waliokaa majumbani mwao waliyasikia kwa vipokezi vya namna hii mazungumzo ya wanajeshi wa Urusi yaliyosemwa bila ya fumbo. Wako waliosema huo ni ushahidi, na wako waliosema huo ni udukuzi. Pwani ina kipimo chake cha kale katika jambo hili: lisemwalo barazani ni la wote, lisemwalo ukumbini si la mpita njia hata kama dirisha li wazi. Sheria za nchi nyingi hufuata njia hiyo hiyo, zikitenganisha kilichotangazwa kwa umma na maneno ya faragha. Mwenye kusimamisha sikio la watu wote atalazimika kuijua mipaka hiyo, kuuliza kwa mamlaka zinazohusika, na kuyafunga masafa yasiyostahili kufunguliwa. Ukarimu usiokuwa na haya si ukarimu.

Jina linaloenea jambo hili katika lugha ya visiwani ni wakfu: mali iliyofungwa isiuzwe wala isirithiwe, manufaa yake yakawaendea watu. Mtu alichimba kisima kando ya njia, akaweka na kata ya kuchotea, na tangu siku hiyo hakumuuliza mnywaji ametoka wapi. Lakini kila aliyeona kisima cha wakfu anajua kuwa kuchimba ndiyo nusu nyepesi. Kisima kisichokuwa na mtawalli hujaa majani, kamba hukatika, na kata huibiwa. Hata kile cha Twente kilinyamaza mwaka 2010, na wasikilizaji wake wakabaki na kiu mpaka kiliporejeshwa mwaka 2012; na katika mwaka huo huo Radio Nederland, iliyokuwa na mitambo yake Madagascar tangu 1972 na ikisikika Afrika Mashariki kama iko mtaa wa pili, iliyazima matangazo yake ya masafa mafupi. Nchi moja, mwaka mmoja: kinywa kilifungwa na sikio likafunguliwa. Serikali ilihesabu gharama ya kusema ikaona ni nzito. Watu wa kujitolea walihesabu gharama ya kusikiliza wakaona yabebeka.

Kwa hivyo anayetakiwa visiwani si tajiri wa kununua mtambo. Anatakiwa mtawalli: skuli moja yenye mwalimu wa fizikia asiyechoka, au chuo chenye chumba kisichofungwa kila likizo, au vijana wawili wa shamba watakaokubali kupanda juu ya mti wa antena baada ya kila msimu wa mvua, kuufuta chumvi, kukaza viungio, na kuandika katika daftari siku gani umeme ulikatika na siku gani Comoro ilisikika vizuri. Watakaoteka maji hayo huenda wasiwajue kabisa. Atakuwako mzee wa Muscat anayetaka kusikia redio ya mwambao kama alivyoisikia utotoni, mwanafunzi wa Kisumu anayechunguza anga ya ikweta, na mshairi asiyepata usingizi, anayezungusha masafa usiku wa manane akitafuta sauti yoyote ya mwanadamu. Wote watateka, nao watakwenda zao.